Umbo la Kipande cha Ndani

Ekero
Ijumaa, 11 Julai 2025

Na hata kama ilikuwa chumvi, Anwar wangu, mimi bado naona ulifanya kazi ya ajabu. Uliponiambia jana kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba fuwele uliyoingoja tangu kabla ya harusi yetu si ile protini yako bali ni chumvi tu iliyoganda kwenye tone huko maabara, nilitaka kukujibu kwa maneno matamu. Lakini mama yako alikuwa ameketi hapo hapo akichambua mrenda. Akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia ile fuwele imegeuka chumvi. Akasema, "Basi arete hiyo chumvi, hii ya duka imepanda bei." Nilicheka mpaka simu ikakatika. Usidhani nilikucheka wewe.

Ndiyo sababu napenda barua. Simu ni ya nyumba nzima, barua ni yangu peke yangu. Shangazi Hadijah mpaka leo hajanisamehe kwa mahari niliyotaja, msahafu na barua yako ya kila Ijumaa. Kila akiniona anasema, "Wenzako wanaitishanga ng'ombe, wewe uliitisha msahafu na makaratasi." Namjibu kwamba ng'ombe haniandikii "mke wangu kipenzi" kila Ijumaa kwa mwaka mzima. Hata sheikh aliniuliza mara mbili kama nilimaanisha, unakumbuka? Nawe ukatabasamu chini ya ile kofia yako mpya, na mimi nikajua sitapenda mtu mwingine maishani.

Mume wangu, ndoa ni tamu hata mwenyewe ukiwa mbali. Natandika kitanda na mito miwili. Nikipika chai naonja kwanza kama wewe unavyoonja, kwa kijiko. Najua ni upuuzi, niache na upuuzi wangu.

Tangu uliposimama siku ya nikaha mbele ya baba zetu wawili ukasema hutanichukua kwenda Nairobi mpaka uwe umeliona umbo la kile kipande cha ndani, nimekuwa mtu wa kwanza Ekero kuombea protini. Kila swala. Nimewaambia wanawake wote wa darasa letu la msikitini kwamba mume wangu atakuwa binadamu wa kwanza kuliona. Wameniuliza likoje hilo umbo na linafanya nini, nikababaika. Niandikie vizuri, kama unavyoelezea mtu aliyeishia kidato cha nne, ili nisiendelee kukuaibisha.

Wako, wako, wako,
Zeituni


Nairobi
Ijumaa, 18 Julai 2025

Mke wangu Zeituni,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika, na karanga pia. Oduor, huyu fundi wa maabara ninayeishi naye chumba kimoja, amekula nusu kabla sijavua viatu.

Umeniomba nieleze. Kila seli ya mwili ina ngozi nyembamba, na kwenye ngozi hiyo kuna vipokezi. Chukulia kipokezi kimoja kama bawabu aliyekwama ukutani: kichwa kiko nje, kiwiliwili kiko ndani. Kichwa kinanusa vijidudu vinavyopita. Kikikutana na adui, kipande cha ndani ndicho kinachopaza sauti, ndipo mwili unajua upandishe homa na uite askari. Kichwa kimejulikana zamani. Mimi natafuta umbo la kipande cha ndani cha kipokezi kimoja tu cha binadamu.

Tunachojua ni hiki: katikati kuna nyuzi tano zilizolala sambamba kama mkeka mdogo, na kuuzunguka mkeka huo kuna vizingo, vimejiviringa kama vikono vya mtango. Kuna pia kitanzi kimoja kinachochomoza upande, na hicho hatujui kinalalia wapi. Jambo zima liko kwenye hicho kitanzi. Kipande kimoja peke yake hakisemi kitu. Ni mpaka viwili vishikane, tunadhani kwa hicho kitanzi, ndipo ujumbe unaondoka.

Hakuna hadubini ya kawaida inayoona kitu kidogo hivyo. Tunawatumia bakteria watutengenezee protini, tunaisafisha, tunaibembeleza igande iwe fuwele, kisha fuwele inapelekwa ng'ambo kupigwa eksirei na mashine kubwa. Mimi nimekwama kwenye kubembeleza. Jumatatu stima ilipotea, jenereta ikakataa, chumba cha baridi kikawa chumba cha joto. Jumanne nikakuta matone yangu yote yamekuwa meupe kama uji wa mgonjwa.

Profesa Kibiwott, msimamizi wangu, ananishauri niachane na umbo hili nishike kazi nyingine. Simsikilizi.

Tafadhali usiwaambie watu kwamba mimi nitakuwa wa kwanza. Si vizuri kumtangulia Mungu.

Mume wako,
Anwar


Ekero
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Habibi,

Viwili vishikane ndipo ujumbe uondoke. Hiyo sentensi nimeisoma mpaka karatasi imelegea pale kwenye mkunjo. Unasema huna maneno ya mapenzi, kumbe unayo, umeyaficha kwenye protini. Nilimsomea Aminah, dada yako, naye akanitazama vile wasichana wa siku hizi wanavyotazama watu wazima. Akasema, "Mulamwa, wifi yangu, huyo ameoa protini, wewe ni mke wa pili." Nikamrushia mwiko.

Lakini barua yako ya Ijumaa iliyopita, Anwar, ilinivunja kidogo. Nilikuomba nije hata kwa siku mbili. Ukajibu "bado" na ukaendelea kuniambia habari za jenereta. Mimi sitaki kukaa Nairobi kabla ya wakati uliousema. Nataka tu kuona unapolala. Nataka nijue dirisha lako linatazama wapi, ili nikikufikiria niwe nakufikiria mahali pa kweli.

Mama yako naye ameanza. Jana alikuwa anasonga obusuma, ugali wa jioni, akasema bila kunitazama, "Huyo kijana anakulanga kweli huko? Sauti yake imekonda." Sauti kukonda, mume wangu. Baba akamwambia aache kuniogopesha. Usiku nikalala nikisikiliza sauti yako kichwani nione kama kweli imekonda.

Haya, sitalia. Nimeamua kuwa mke msomi. Kesho naenda Kakamega kununua uzi wa kroshia, na nikitoka hapo nitapita Amalemba kwa Mwalimu Bramwel, aliyenifundisha bayolojia. Ni mtu mpole na ana simu kubwa. Nitamwomba anionyeshe kipokezi kinafananaje. Nataka ukirudi unikute nimejua nyuzi zako tano kama ninavyojua kucha zangu. Kuhusu lile la kutosema kwamba wewe ni wa kwanza, umechelewa. Imamu ameshasema.

Wako asiyeogopa protini,
Zeituni


Nairobi
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Zeituni,

Sina jipya. Matone ni meupe. Hii ndiyo barua ya wiki.

Usimsumbue Mwalimu Bramwel.

Anwar


Ekero
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Mume wangu, mwanga wangu, mwongo wangu mzuri,

Nimeliona.

Sasa naelewa kila kitu: zile barua fupi, lile "usimsumbue mwalimu", ile sauti iliyokonda kwa kubeba siri. Ulitaka kunishtua. Ulitaka uje mwenyewe, usimame mlangoni na kusema "jiandae, tunakwenda". Nisamehe nimekuharibia, lakini ningejizuiaje?

Ngoja nikusimulie. Jumamosi ile, kabla barua yako haijafika, nilimkuta Mwalimu akikwaruza viatu tope mlangoni. Nikamwambia jina la kipokezi nililolinakili kutoka kwenye barua yako ya kwanza kabisa. Akaliandika kwenye simu yake, akangoja, mtandao ukazunguka na kuzunguka, kisha akasema, "Hii hapa. Umbo lake limeshatolewa, Zeituni. Mwezi wa sita." Akanipa simu. Anwar, lilikuwa linazunguka polepole lenyewe, bila mtu kuligusa. Nyuzi tano za manjano katikati, kama mkeka, kama ulivyoniambia. Vizingo vyekundu vimeuzunguka. Na kile kitanzi, kile ambacho hamkujua kinalalia wapi, kimelalia kushoto, kimejikunja kidogo kama mtoto aliyelala na kidole mdomoni. Nililia mpaka mke wa mwalimu akaniletea maji. Mwalimu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu, ni kazi ya mume wangu." Akanipongeza kwa mikono miwili. Majina yaliyoandikwa chini yalikuwa mengi na magumu, nikajua ni wakubwa zako, nikarudisha simu kabla sijafika kwa lako kwa sababu machozi yalikuwa yanadondokea kioo.

Mwezi wa sita. Yaani ulikuwa umeshamaliza tukiwa bado na hina mikononi.

Nilimwomba aipige chapa ile picha. Nimeketi nayo siku hizi zote na kroshia: manjano kwa nyuzi, nyekundu kwa vizingo, na kitanzi kwa kijani, kwa sababu ninakipenda zaidi. Kitambaa chenyewe hiki hapa ndani ya bahasha. Kingine nimekishona kama kile kwa ajili ya meza ya Mama. Wageni wanauliza ni ua gani.

Nimemwambia Baba kwamba umemaliza. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kesho wanachinja. Watu wa darasa wanakuja, na imamu, na wazazi wangu na nyumba yetu ya Matungu yote. Sanduku langu liko tayari nyuma ya mlango. Nimetia yale mashuka mapya.

Njoo unichukue. Sema siku tu.

Mke wa mtu wa kwanza,
Zeituni


Nairobi
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Zeituni,

Hukuona jina langu kwa sababu halimo.

Hilo umbo si kazi yangu. Ni kazi ya kikundi cha ng'ambo, watu ishirini na maabara tatu. Hawanijui, nami siwajui. Walilitoa wiki ile ya kwanza niliporudi kazini kutoka kwenye harusi. Nilifika asubuhi nikiwa bado nanukia udi, nikamkuta Phoebe, mwenzangu wa meza ya pili, amesimama kando ya kompyuta yangu. Alisogea tu nione. Lilikuwa linazunguka, kama lilivyozunguka kwako.

Nilijiambia watakuwa wamekosea kitanzi. Ndiyo sababu nimeendelea kudondosha matone mwezi wa saba wote, nikingoja niwapate wamekosea. Juzi nikafungua bahasha yako. Nilichukua kile ulichokishona nikakishika mbele ya kompyuta, kitanzi chako cha kijani kando ya chao. Vinalala sawasawa. Oduor aliingia akaniona, akageuka akatoka.

Profesa anasema kazi yangu haijaharibika. Anasema umbo la kipande kimoja ni mwanzo tu, na swali lenyewe ni namna viwili vinavyoshikana, na hilo bado hakuna aliyeliona. Labda. Ni miaka mingine mitatu, labda minne. Mimi nilisema mbele ya watu kwamba nitaliona mimi.

Kwa nini ulikwenda kwa yule mwalimu? Nilikuandikia usimsumbue, nikachelewa. Kwa nini uliwaita watu? Wewe ukishika jambo lazima lisikike mpaka Butere. Sasa nitaingiaje kwa Baba?

Nimeandika kwa hasira, najua. Basi haidhuru. Hii ni barua ya wiki.

Anwar


Nairobi
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Zeituni,

Niliandika Ijumaa iliyopita, hukujibu. Simu yako inaita mpaka inachoka. Nimempigia Aminah, akasema mko sawa, kisha akasema ana nguo motoni. Najua hakuna nguo inayopikwa saa hiyo.

Sikupaswa kusema lile la kusikika mpaka Butere.

Niambie tu walisema nini. Walikula? Imamu alisema nini? Baba amenyamaza na mimi sijui kama ni hasira au hajui. Kila nikishika simu kumpigia nawaza atakavyosema "ala," na kunyamaza, nairudisha mfukoni.

Nimekubali ile kazi nyingine, ya vipande viwili. Nimeanza Jumatatu. Hii ina maana sina mwisho wa kukuambia. Nilikuoa kwa ahadi ambayo haiwezi tena kutimia, na chumba changu ni nusu ya chumba. Ukiona ni afadhali urudi Matungu kwa wazazi wako wakati ninajipanga, sitakulaumu.

Anwar


Ekero
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Anwar,

Leo hakuna "habibi" juu ya karatasi. Nimeitafuta, haikuja. Labda itakuja chini huko.

Uliuliza kama walikula. Walikula. Barua yako ilifika siku wanawake wa darasa walikuwa wamerudi kunywa chai na kuchukua masufuria ya msikitini. Niliisoma nimesimama jikoni, mgongo kwa mlango. Kisha nikatoka na sinia ya mandazi nikitabasamu. Mama wa imamu akaniuliza, "Anakuja siku gani?" Nikasema unamalizia karatasi za mwisho. Wiki mbili, Anwar. Kwa wiki mbili nilisema unamalizia karatasi. Aminah peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu alinikuta nikilia ndani ya shuka mpya. Usimlaumu kwa ile nguo motoni. Alikuwa ananisaidia kukusaidia, na hana ujuzi.

Unasema kwa nini nilikwenda kwa mwalimu. Nilikwenda kwa sababu nakupenda na nilitaka kujua unachokijua. Nilipoliona nikadhani ni lako. Unajua kwa nini? Kwa sababu sikuwahi kufikiri kuna watu wengine duniani wanaolitafuta. Kwangu lilikuwa lako tu, kama miwani yako. Ni ujinga wangu. Lakini wewe ulijua wapo, ukaniacha niseme.

Sasa sikia yaliyotokea Jumapili, kwa sababu nilichoka. Tulikuwa tunakula, obusuma na ingokho, Baba amepewa paja la kuku. Nikasema yote kwa pumzi moja. Umbo ni la wazungu na Wachina, Anwar hayumo, amelijua tangu mwezi wa sita, anaona haya.

Baba akatafuna mpaka akamaliza. Akauliza, "Kwani limepotea?"

Nikasema halijapotea, limeonekana na wengine.

"Liko sawasawa?"

"Liko sawasawa."

"Sasa analia nini?"

Mama akamjibu kabla yangu. "Anarira kwa sababu si yeye. Wewe ulirira mwaka gani ule jirani yetu Wanzala alipovuna miwa mbele yako? Ulikataa kula siku nzima."

Baba akasema hiyo ilikuwa kitu kingine. Mama akasema ni kitu hicho hicho, tofauti ni muwa. Aminah akacheka mpaka akapaliwa. Kisha Baba akanigeukia akasema jambo ambalo nataka ulisome polepole. Alisema, "Ile siku ya nikaha nilitaka kumshika kanzu akae chini. Nani alimwuliza habari ya kumaliza? Mimi nilikuwa nimeshatenga pesa ya lori la kuwahamisha. Lakini watu wakapiga takbiri, nikaona haya kumkatiza mtoto wangu."

Anwar, hakuna aliyekudai. Si baba yako, si baba yangu, si mimi. Ulisema maneno makubwa kwa sababu kulikuwa na watu, na mimi nikapiga kigelegele kwa sababu ulipendeza. Hayo ndiyo yote yaliyotufunga.

Na jambo linaloniuma ni hili, si lile unalofikiri. Sioni haya kwamba wengine waliliona kwanza. Nimeshawaambia wanawake wa darasa, wakasema "pole," wakauliza kama bado nashona vile vitambaa, wawili wameagiza. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nangoja kitu kilichokwisha. Lilionekana wiki ya kwanza ya ndoa yetu. Miezi yote hii ya mito miwili, nilikuwa nangoja jambo ambalo lilishatokea, na mtu mmoja tu alijua, naye alikuwa mume wangu. Ungeniambia ile asubuhi uliyonukia udi, ningepanda gari jioni hiyo hiyo. Tungelikasirikia pamoja, kwenye nusu ya chumba. Mimi najua kukasirika vizuri, hujaniona.

Usiniambie tena habari za vipande viwili vinavyoshikana ndipo ujumbe uondoke, wakati wewe unalala Nairobi na mimi Ekero. Unaifanya kazi hiyo na mikono gani?

Na lile la kurudi Matungu, nimelisoma mara moja, sitalisoma tena. Mimi si mzigo wa kurudishwa dukani kwa sababu mteja ameaibika. Ukisema unataka niondoke kwako kwa sababu hunitaki, nitakusikia. Ukisema niondoke kwa sababu watu ishirini wa ng'ambo walikutangulia, huko ni kunichezea.

Nimesoma pia mahali ulipoandika "nimeanza Jumatatu". Uliliweka katikati ya mengine kana kwamba ni aibu, na ndilo neno pekee katika barua hiyo lililonifanya nipumue. Miaka mitatu, minne, mitano, fanya. Sina haja ya kujua mwisho wake. Nina haja ya kujua dirisha linatazama wapi.

Kwa hiyo mwambie Oduor atafute mahali pengine pa kulala, umwambie kwa heshima, na umwachie karanga. Fua lile shuka lako, nalijua bila kuliona. Ninakuja kwanza kama mgeni. Tutakaa, utaniambia kila kitu kwa mdomo wako, nami nitakuambia vile nilivyokukasirikia, maana hapa nimeandika nusu tu. Baada ya hapo tutaona kama mgeni anarudi au anafungua sanduku. Baba amesema pesa ya lori ipo, haijaguswa.

Habibi, nimeipata, hii hapa. Nitafika kabla mwezi huu haujaisha. Siku sikuambii. Nikikuambia utaniandikia kunizuia, na hiyo barua itafika Ekero inikose, kwa sababu nitakuwa nimeshaondoka.

Mke wako,
Zeituni